Saa Moja Kabla ya Kula

Barua ya malalamiko ilimfikia Bi Nukta Jumatatu asubuhi, kabla hajapiga hata funda la kwanza la chai. Haikuwa ndefu. Mratibu wa wakala, bwana aliyekuwa akimpa kazi kwa miaka tisa na ambaye walikuwa wameonana uso kwa uso mara mbili tu, alimwandikia kwamba mteja hakuridhika na kile kipeperushi cha wagonjwa wa kisukari alichokitafsiri mwaka uliopita. Wauguzi wanasema wagonjwa hawakielewi. Chini kulikuwa na kiambatisho chenye masahihisho yao. Hakukifungua.

Hilo jina la Bi Nukta alipewa chuoni na wenzake, kwa sababu alikuwa hawezi kuona sentensi isiyo na nukta mwishoni akainyamazia. Hata matangazo ya ukutani aliyatilia nukta kwa kalamu yake. Jina likamganda, likaolewa naye, likamfuata ukweni. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, mgongo unamuuma upande wa kushoto, macho yanamwasha, na meza yake ya kazi imebanwa kati ya kabati la nguo na dirisha la chumba cha kulala, hivi kwamba mumewe akitaka shati, sharti yeye asimame kwanza. Miaka kumi na minane alikuwa amekaa hapo akitafsiri miongozo ya pampu za maji, masharti ya bima, maelekezo ya lifti na vipeperushi vya dawa. Watu walimwambia kazi ya kujiajiri ni raha, hakuna bosi. Kweli, bosi hakuwapo. Hakuwapo pia wa kumwambia leo nimechoka.

Aliijibu barua kwa kurasa mbili. Alitaja kamusi tatu na mwongozo mmoja wa istilahi za tiba. Kongosho ni kongosho, wanga ni wanga, na kama watu hawajui maneno ya lugha yao wenyewe, hilo si kosa la mfasiri. Alipoituma alipata nafuu kidogo, kama mtu aliyejikuna panapomwasha, kisha uchovu ukarudi palepale ulipokuwa.

Mratibu hakubishana naye. Alimwomba tu ahudhurie warsha Jumatano, pamoja na wafasiri wengine wanaofanyia kazi majumbani mwao.

Walikuwa watu kumi na mmoja, katika chumba chenye feni moja iliyozunguka bila kupuliza. Mwezeshaji, binti mwenye sauti ya furaha isiyo na sababu, aliwataka kila mmoja aseme ni stadi gani moja ya kazi angependa kuiboresha. Mzee mmoja anayetafsiri mikataba alisema yeye huchapa kwa vidole viwili, kama kuku anavyodonoa, na angetamani kabla hajafa avitumie vyote kumi. Mwingine alisema ile programu inayokumbuka tafsiri za zamani imemzidi akili. Inakumbuka mpaka makosa yake. Wa tatu alitaka kufasiri kwa mdomo mbele za watu, lakini akisimama tu mate humkauka. Mwanamke waliyemwita Mama Pacha alisema yeye anataka kujifunza neno moja.

"Hapana," alisema. "Nimelitafsiri mara elfu. Kulisema kwa mteja ndiko kumenishinda."

Walicheka wote, maana ugonjwa ule walikuwa nao wote. Zamu ya Bi Nukta ilipofika akasema anataka kasi. "Nikimaliza mapema, nitalala." Wakacheka tena, ingawa yeye hakuwa anatania.

Wakati wa mapumziko Mama Pacha alimuuliza kama huwa anamsomea mtu kazi zake kabla ya kuzituma. Bi Nukta akamuuliza ni nani duniani mwenye muda wa kusikiliza maelekezo ya lifti. Mama Pacha akakubali kwamba hata kwake hayupo, wakamalizia chai yao.

Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa siku ya mama mkwe kwenda kliniki. Kwa kawaida angepelekwa na binti yake, lakini wifi alikuwa safarini, na mume wa Bi Nukta, aliyekuwa fundi wa majokofu, alikuwa ameitwa tangu alfajiri kwenye bucha lililoharibikiwa na jokofu lenye nyama ndani. Kwa hiyo Bi Nukta aliweka kurasa zake za lifti kwenye mkoba, apate kuzipitia foleni ikiwa ndefu, akamshika mama mkono, wakaondoka polepole.

Mama alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa ameishi nao miaka mitatu na hakuna asubuhi iliyomkuta kitandani. Ila tangu daktari ampe vidonge vipya, miezi minne nyuma, alikuwa na siku zake mbaya. Alitoka jasho jembamba, mikono ikamtetemeka, maneno yakamponyoka. Mara mbili alikuwa ameanguka uani, zote siku za kufua, na mara ya pili alijigonga ukingo wa karo akavimba paji la uso. Bi Nukta na mumewe walikuwa wamesema ni uzee, mtu akishakula chumvi nyingi miguu haimtii. Walikuwa wamemsihi aache kufua. Alikuwa amewajibu kwamba nguo zake hazijui kujifua.

Kliniki ilikuwa na benchi refu la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu wa miaka mingi. Walikuwapo wagonjwa kama ishirini. Muuguzi wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, alisimama mbele yao kuwapa somo kabla ya daktari kuanza kuwaona. Mkononi alishika karatasi ya kijani, na Bi Nukta aliitambua kabla hata hajavaa miwani yake. Kilikuwa kile kipeperushi chake. Kilikuwa kimechorwachorwa kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi asiye na matumaini.

Muuguzi akaanza na ukurasa wa kwanza. Hapa pameandikwa dhibiti wanga. Nani anaweza kuwaeleza wenzake maana yake? Bwana mmoja mwenye fimbo akasema wanga ni hao wanaoruka usiku na ungo, lakini kwake hawapo, labda aulizwe jirani yake. Benchi zima likaangua kicheko. Bibi mmoja akasema hata yeye alishangaa, tangu lini hospitali ikaingilia mambo ya wachawi. Muuguzi akangoja wanyamaze, akaeleza kuwa ni mkate, wali, viazi na vyakula vyote vya unga, wasiache, wapunguze. Bi Nukta alicheka pamoja nao, kicheko cha meno tu. Moyoni alijiambia kwamba huo ni ujinga wao, neno limo kamusini.

Kisha muuguzi akageuza ukurasa, akamtazama mama mkwe wa Bi Nukta.

"Mama, wewe vidonge unameza saa ngapi?"

"Saa moja," mama akajibu, akijivunia. "Sikosei hata siku moja. Redio ikianza taarifa ya habari ya asubuhi, mimi na kidonge changu."

"Na chakula unakula saa ngapi?"

"Inategemea. Siku ya kufua nakula saa nne, nikishaanika. Karatasi haikusema nile saa ngapi. Imesema meza saa moja, kabla ya kula. Mimi naifuata."

Muuguzi alivua miwani, akafunga macho kidogo. Alisema huyu ni wa sita mwezi huu. Kisha akawaeleza wote, taratibu, kwamba ile saa moja si ya kwenye redio wala ya ukutani. Ni muda. Unameza, inapita saa moja, unakula. Kidonge kikitangulia na chakula kikachelewa mpaka saa nne, sukari inashuka, na wewe mwenyewe unashuka nayo chini. Akamuuliza mama kama amewahi kuanguka. Mama akasema mara mbili.

"Aliyeandika haya," muuguzi akasema, akiipunga ile karatasi bila hasira, "labda anajua lugha nyingi. Ila kwenye benchi hili hajawahi kukaa."

Bi Nukta alikuwa ameketi kwenye benchi hilohilo, kurasa za lifti mapajani. Aliikumbuka ile sentensi. Au tuseme hakuikumbuka, na hapo ndipo palipomuuma. Kongosho lilimla nusu siku, akipekua kamusi na kulinganisha. Ile ya vidonge aliipita kama mtu anavyopita kizingiti cha nyumba yake. Kila neno lilikuwa sahihi. Nukta ilikuwa mahali pake. Na ni yeye mwenyewe, siku mama alipopewa vidonge, aliyemtolea nakala kutoka kwenye droo, akamwambia kwa fahari kidogo kwamba hii nimeiandika mimi, soma mama kisha uniambie kama umeelewa. Mama alisoma, akasema ameelewa. Na kweli alikuwa ameelewa.

Ndipo alipokumbuka kwamba mama anajua. Neno moja tu la mama, benchi zima lingemgeukia. Akamtazama kwa pembe ya jicho. Mama alikuwa anamtazama muuguzi, uso mkavu, na mkono wake ulikuwa umekuja ukatua juu ya goti la mkwe wake.

Somo liliisha, watu wakaanza kuitwa majina. Mama alipoingia kwa daktari, Bi Nukta alibaki ameshika tama. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyemjua pale, na kipeperushi hakikuwa na jina la mfasiri. Jambo hilo lilikuwa likimuudhi kwa miaka mingi, na leo lingemfaa. Akapiga moyo konde, akamfuata muuguzi kwenye meza yake ya mafaili.

"Sista, ile karatasi nimeitafsiri mimi."

Muuguzi alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Wewe?"

"Mimi. Na yule mama aliyeanguka ni mama mkwe wangu."

Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na pengine angependelea kutukanwa. Lakini muuguzi alikuwa amechoka kama yeye. Ilionekana kwenye namna alivyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja. Alisema tu kwamba ana watu kumi na sita wa kupima, basi akae amsubiri.

Alimsubiri mpaka karibu saa saba. Mama alikuwa ameshamaliza, akasinzia benchini na mtandio wake usoni. Muuguzi alimwingiza Bi Nukta kwenye chumba cha kufungia vidonda, wakakaa kwenye vigoda viwili vya chuma, wakaipitia ile karatasi ya kijani mstari kwa mstari. Masahihisho yalikuwa kumi na moja, yaleyale aliyotumiwa Jumatatu na asiyafungue. Manane aliyakubali papo hapo. Mawili walivutana, wakaishia katikati. Moja alilikataa kabisa: muuguzi alikuwa amefuta maneno ya kutokata kucha hadi kwenye nyama, akaandika msikate kucha.

"Sista, hapa wataacha kukata kabisa."

Muuguzi akaitazama, akaguna. Alisema kumbe ndiyo maana kuna mzee mmoja kucha zake zimekuwa kama za kunguru. Wakacheka kidogo, kila mmoja kwa aibu yake.

Bi Nukta akamuuliza anafanyaje ili watu wamwelewe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke chuoni kumuuliza mtu swali la kazi yake mwenyewe, na ulimi ulikuwa mzito.

"Mimi siandiki," muuguzi akasema. "Mimi nasema, halafu namwambia mtu anirudishie kwa maneno yake. Akinirudishia kitu kingine, nimekosea mimi."

Walirudi nyumbani polepole, kama walivyokuja. Walipofika, Bi Nukta aliwasha moto, akapasha chakula, akamwekea mama sahani mbele yake, akaketi.

"Mama, mbona hukuniumbua pale?"

"Niseme nini mbele za watu? Mkwe wangu ndiye aliyeniangusha?" Mama alitafuna, akameza. "Halafu na mimi nina langu. Kuna siku nilijiuliza, mbona kidonge hakisemi nile lini. Nikataka kukuuliza. Nikachungulia chumbani, nikakuona umeinamia ile mashine, shingo imekwenda upande. Nikasema mwache, amechoka, nitamsumbua kwa jambo la kitoto."

Bi Nukta alimwomba radhi. Aliisema vibaya, kwa maneno ya kitabu, akajisikia, akaanza upya kwa maneno ya kawaida. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hakuvunjika mfupa. Angevunjika, wangekuwa wanazungumza lugha nyingine leo. Kisha akaomba chumvi. Akanyimwa, kwa amri ya daktari.

Alasiri ile Bi Nukta hakumwandikia mratibu. Alimpigia simu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa miaka tisa, kwa sababu kwenye simu alikuwa hana mahali pa kurudi nyuma kufuta. Alimwambia anaifuta ile barua yake yote, kurasa mbili na kamusi zake. Alimwambia kuna sentensi moja inayoangusha watu, na kwamba itangazwe kwa kliniki zote leo. Mratibu akaanza kueleza utaratibu: mteja ana kamati, kamati ina kikao, kikao ni mwezi ujao.

"Sikuombi muda," Bi Nukta akasema. "Watu wanameza kesho asubuhi."

Kisha mratibu akamwambia atawapigia mwenyewe. Siku ya pili tangazo lilisambazwa, fupi, la mistari mitatu. Vipeperushi vipya vilichukua miezi miwili.

Sentensi yenyewe iliwatoa jasho. Bi Nukta alidhani ataimaliza kwa dakika tano. Aliandika: meza kidonge, subiri saa moja, kisha ule. Akamsomea mama, aliyekuwa anakunja nguo kitandani. Mama akauliza, sasa nisubiri mpaka saa moja? Akaandika dakika sitini. Mama akasema hizo sitini nani atakaa azihesabu. Akajaribu kuweka mifano: ukimeza saa kumi na mbili, kula saa moja, ukimeza saa moja, kula saa mbili. Hapo mama aliacha kukunja.

"Hiyo naijua," akasema. "Ila ongeza kwamba kama chakula hakipo nyumbani, mtu asimeze. Wengi tunameza tukitumaini."

Ilikuwa mistari minne mahali palipokuwa na mmoja. Mchoraji wa kurasa akalalamika kwamba haitoshi. Bi Nukta, ambaye maisha yake yote aliambiwa punguza naye akapunguza, alijibu hapana. Alilitazama neno lile kwenye kioo cha kompyuta, kisha akalituma hivyohivyo, peke yake, na nukta mbele yake. Mwishowe waliondoa picha ya daktari anayetabasamu, mistari ikaenea.

Nisiseme kwamba alipumzika baada ya hapo, maana hakupumzika. Ile kasi aliyoitamani ilizidi kumkimbia. Kazi iliyokuwa ya siku mbili sasa ilikuwa ya siku tatu, kwa kuwa kila ukurasa uliomhusu mgonjwa au mtumiaji wa kawaida aliusoma kwa sauti, na mara nyingi msikilizaji wake alikuwa mama, ambaye alikuwa na maswali. Baadhi ya kazi alizikataa. Mumewe alisema nyumba imekuwa kama redio mbovu, inarudia jambo moja mpaka lieleweke. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni na shati mkononi, akisubiri amalize sentensi. Mama hakuanguka tena. Alifua akiwa ameshiba, akanenepa kidogo, akazidi kuwa mbishi.

Alhamisi za mwanzo wa mwezi Bi Nukta alianza kwenda kliniki hata mama asipokuwa na miadi. Muuguzi alimkubalia kwa sharti moja, asimcheleweshee watu wake. Alikaa mwisho wa benchi, akaomba ruhusa ya aliyekaa karibu naye, akamsomea anachokiandika. Wengine walimkubalia kwa kuwa hawakuwa na la kufanya. Wengine walimgeuzia mgongo.

Alhamisi moja ya joto alikuwa na maelekezo ya dawa ya matone ya macho. Alikuwa ameyafanyia kazi siku nne, na alikuwa na hakika nayo. Alimsomea mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa kadi yake ya kliniki. Alisoma polepole mpaka mwisho, kisha akamwomba amrudishie kwa maneno yake.

Mwanamke akafikiri. "Umesema nifumbe macho, halafu nidondoshee juu ya kope."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo nilivyosikia mimi, dada."

Bi Nukta alijinyoosha mgongo, upande ule wa kushoto, mpaka ukalia. Akachomoa kalamu, akakata mstari wa tatu wote, akamwomba mwanamke asogee kidogo apate mahali pa kuandikia.